Je, Wajua? Mvinyo Unaoachwa Upungue Pipani

Je, wajua kwamba chupa ya vin jaune hujazwa sentilita 62 tu, wala si 75 kama chupa nyingine za mvinyo? Inasemekana hicho ndicho kinachobaki katika kila lita baada ya miaka sita na ushei pipani.

Mvinyo huu mweupe, mkavu kabisa, hutoka Jura, mashariki mwa Ufaransa. Zabibu zake ni za aina moja: savagnin. Kwingineko pipa huongezewa mvinyo kila unapopungua, hewa isiingie. Hapa haliguswi. Katika nafasi inayobaki, utando mwembamba wa hamira huota juu ya mvinyo, wa rangi ya kijivu, ukaukinga usigeuke siki. Chini yake mvinyo hupata rangi ya dhahabu na harufu ya jozi na bizari. Ni harufu ya ajabu, na hakuna njia ya mkato ya kuipata.

Mwaka 2018, chupa ya mvinyo huu, ya mavuno ya 1774, iliuzwa mnadani kwa euro 103,700.

Huko Château-Chalon, kijiji maarufu kuliko vyote kwa mvinyo huu, mavuno yakiwa duni hautengenezwi kabisa. Ndivyo ilivyokuwa 1974, 1980, 1984 na 2001.

Naye Louis Pasteur, mwanasayansi aliyechunguza hamira, alikulia Arbois, mji wa Jura, na alikuwa na shamba la mizabibu karibu na hapo. Alijenga vibanda vya vioo juu ya mizabibu na kufunga vishada kwa pamba, hamira isivifikie. Maji ya zabibu hizo hayakuchacha: bila hamira, hakuna mvinyo.