Kuziba Bomba la Maji Linalovuja Bila Lehemu

Katika mji wa Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero, mabomba ya maji ya nyumbani hupita katika ardhi ambayo wakati wa masika hulowa kabisa, na mahali pengine hufunikwa na mafuriko. Bomba likitoboka katika ardhi ya namna hiyo, mwenye nyumba huona kwanza hasara ya maji yanayopotea. Hasara iliyo kubwa zaidi haionekani. Maji yakatikapo na bomba likawa linajimwaga, kanieneo ya ndani, yaani nguvu inayosukuma kila sehemu ya eneo, huweza kushuka chini ya ile ya nje. Hapo maji machafu yaliyolizunguka bomba huvutwa ndani kupitia tundu lile lile, na maji yarudipo uchafu huo hufika mtungini. Vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu huweza kuingia kwa njia hiyo.

Wengi hudhani kwamba dawa ya bomba la chuma ni lehemu tu. Lakini lehemu haishiki juu ya kutu wala unyevu, na maji yaliyosalia ndani hunyonya joto lote la moto wa fundi. Tena lehemu ya kawaida ina risasi, ambayo ni sumu na haifai kugusa maji ya kunywa.

Nguvu inayotakiwa kuyazuia maji, kwa kweli, ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tangi likiinuliwa meta 10 juu ya bomba, kanieneo huwa kiasi cha nyutoni 10 kwa kila sentimeta ya mraba. Tundu la duara lenye upana wa milimeta 3 lina eneo la milimeta za mraba 7 hivi. Basi nguvu inayosukuma kizibo chake ni nyutoni 0.7, sawa na uzito wa gramu 70, yai moja la kuku na zaidi kidogo. Hata hivyo, tundu hilo likiachwa wazi hutoa kadiri ya lita 5,000 kwa siku moja, yaani ndoo 250 za lita 20!

Kwa hiyo mpira wa ndani wa baiskeli unatosha kabisa. Kwanza koki kuu hufungwa, na bomba la chini kuliko yote hufunguliwa ili maji yaishe. Mahali palipotoboka hukaushwa na kusuguliwa kwa msasa, lakini taratibu, kwa maana chuma kilicholiwa na kutu huweza kupasuka zaidi. Ukanda wa mpira hukatwa kwa upana wa sentimeta 4 hivi, ukaanza kuzungushwa kando ya tundu, huku ukivutwa kwa nguvu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia, hadi upite upande wa pili. Mpira uliovutwa hutaka kurudi katika urefu wake. Ndiyo maana kila mzunguko huongeza mkazo juu ya ule wa chini, na mpira hujipenyeza katika mashimo madogo ya kutu. Ncha zake hufungwa kwa vibano vipana. Waya mwembamba haufai, hukata mpira. Koki hufunguliwa polepole, na maji ya kwanza humwagwa.

Njia hii haifai penye maungio ya nyuzi. Hapo kiungo hufunguliwa, nyuzi zikasafishwa na kuzungushiwa utepe wa kuzibia kwa kufuata upande wa kukaza. Bomba jeusi la plastiki laini nalo halishikwi na gundi. Sehemu iliyopasuka hukatwa na kuwekwa kiungio cha kukaza kwa mkono.

Chini ya mpira kutu huendelea kula chuma, hivyo kipande hicho cha bomba kibadilishwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kabla ya masika. Uvujaji ulio upande wa barabarani wa mita ni kazi ya mamlaka ya maji.