Kwa Nini Tusipande Miti ya Aina Moja

Katika shule nyingi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, uwanja huzungukwa na ua wa misaipresi. Mti huu, ambao jina lake la kisayansi ni Cupressus lusitanica, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huota upesi, huzuia upepo, na hustahimili kukatwa. Kwa sababu ya sifa hizo ulipandwa kwa wingi, ua kwa ua na shamba kwa shamba.

Mwaka 1986 mdudu mgeni aligunduliwa nchini Malawi, naye ni kidukari wa msaipresi. Kufikia mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuingia Kenya. Kidukari huyu hutoboa gome la matawi na kufyonza utomvu. Mate yake nayo huzidhuru seli za mti. Majani hugeuka rangi ya kahawia, matawi hukauka, na mara nyingine mti mzima hufa. Hata mtarakwa wetu wa asili, ulio wa familia hiyohiyo, haukusalimika.

Kwa nini madhara yalikuwa makubwa hivyo? Kwanza, majike huweza kuzaa bila madume, hivyo idadi yao huongezeka upesi. Pili, maadui wao wa asili walibaki walikotoka. Ndiyo maana mwaka 1994 nyigu mdogo, atagaye mayai yake ndani ya mwili wa kidukari, alianza kuachiliwa huko Malawi. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, chakula chao kilipangwa safu kwa safu bila kukatika.

Ukame huzidisha balaa hili, kwani mti uliokosa maji hushindwa kuchipuza matawi mapya badala ya yaliyokufa. Hali ya hewa inapozidi kuwa na joto na mvua zisizo na uhakika, upungufu huu utatukabili mara kwa mara. Bustani yenye miti ya aina nyingi, yenye mizizi ya vina mbalimbali na maadui tofauti, itapoteza baadhi ya miti, lakini haitapoteza yote kwa pamoja.

Je, tuikate misaipresi yetu? La. Yafaa kila mti unaokufa tuuzibie pengo kwa mti wa familia nyingine: mringaringa, mparachichi, au mgrivea.

Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza kwamba miongoni mwa miti ya mji spishi moja isizidi asilimia 10, jenasi moja asilimia 20, na familia moja asilimia 30. Mwalimu aweza kuwatuma wanafunzi wake wahesabu miti yote ya shule na kuilinganisha na kipimo hicho. Jibu watakalolipata litawaonyesha mti gani upandwe mvua zijazo.