Mwalimu Hufundisha Alivyofundishwa

Waswahili wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumezoea kuwapigia wazazi. Leo nataka kuwapigia walimu, na ushahidi nautoa juu ya nafsi yangu.

Nilizaliwa mashoto. Nilipotiwa chuoni mwaka 1964, baba alinikabidhi kwa mwalimu kwa maneno ya wazee wetu: nyama yako, mifupa yangu. Kila niliposhika kalamu kwa mkono wa kushoto, bakora ilinishukia vidoleni. Usiku nikilia, nikiapa kwamba nikiwa mwalimu mimi sitampiga mtoto wa mtu.

Mwaka 1979, nikiwa mwanafunzi wa ualimu, nilipelekwa skuli moja ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 40. Nilimwita mmoja ubaoni aandike jina lake. Akashika chaki kwa kushoto. Kabla sijawaza, rula ilikwisha mpata vidoleni, na maneno yaliyonitoka yalikuwa ya mwalimu wangu wa chuoni. Hata sauti ilikuwa yake.

Mkufunzi aliyekaa nyuma hakunigombeza. Baada ya kipindi aliniuliza neno moja tu: “Haya ulifunzwa wapi?”

Nilimwomba radhi mtoto yule, akaitikia kwa kichwa. Lakini siku zote zilizobaki hakunyosha mkono tena darasani mwangu. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

SAA 13,000

Dan Lortie, mtaalamu wa Marekani, alieleza habari hii katika kitabu chake Schoolteacher cha mwaka 1975. Alikisia kwamba kijana wa huko amalizapo sekondari huwa amekaa mbele ya walimu kiasi cha saa 13,000. Aliuita huo uanagenzi wa kutazama. Ubaya wake ni kuwa mwanafunzi humwona mwalimu akitenda, lakini haoni matayarisho yake wala sababu zake. Basi huiga asichokielewa. Mazoezi ya majuma machache yatashindana vipi na saa hizo zote?

Kabla yake, Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alionya kwamba mtoto anayesomeshwa kwa ukali hujifunza uongo na hila kwa kuogopa mkono wa mwalimu, na hayo huwa tabia yake. Mimi naongeza: akiwa mwalimu, huwarithisha wengine.

URITHI MWEMA

Lakini, ndugu msomaji, nisimdhulumu mwalimu wangu. Chuoni kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake. Mwepesi hakungojewa, mzito hakuachwa. Aliyetangulia alimsomesha aliyekuja nyuma, na hapana aliyehama sura kabla ya kuisoma sawasawa mbele ya mwalimu. Nilipofika chuo cha ualimu, wakufunzi walitueleza mambo haya kama elimu mpya. Mimi nilikuwa nimekwisha yaona juu ya mkeka.

Nami baadaye nilikuwa mkufunzi, hadi nilipostaafu. Kabla ya kuwapeleka vijana katika mazoezi, niliwataka kila mmoja aandike habari za walimu wawili: aliyempenda na aliyemwogopa. Kisha nikiwauliza: yupi kati yao atakutoka kinywani siku watoto watakapokuchokoza? Wengine walicheka. Wengine walinyamaza kitambo kirefu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya viboko katika skuli za Kenya. Sheria ni njema, lakini huweza kuiondoa bakora mkononi ikabaki moyoni. Ya moyoni huondolewa na mwenyewe, kwa kujihesabu.

Nawe mwalimu kijana, kesho ukiinua mkono au sauti darasani, jiulize lile neno la mkufunzi wangu. Na ukumbuke kwamba mbele yako, juu ya dawati, yumo mwalimu wa kesho, anakutazama.