Ndege Wawili wa Galápagos

Magharibi ya nchi ya Ecuador, mbali baharini, viko visiwa vya Galápagos. Mwezi wa Septemba 1835 Charles Darwin, kijana Mwingereza wa miaka 26, alishuka huko kutoka meli iitwayo Beagle. Ndege wa huko hawakumwogopa mtu. Mmoja alitua ukingoni mwa chombo cha gamba la kobe alichokishika Darwin, akanywa maji taratibu, wala hakuruka chombo kilipoinuliwa.

Ndege huyo ni wa ukoo wa waigaji, wanaosifiwa Marekani kwa kuiga nyimbo za ndege wengine. Yule wa kisiwa cha San Cristóbal ana weusi kando ya macho. Yule wa Floreana kifua chake cheupe kina mabaka meusi ubavuni. Waweza kusema ni tofauti ndogo, kama ya ng'ombe wa zizi moja. Lakini kila mmoja alikaa kisiwani kwake tu. Ndege wengine wengi Darwin aliwachanganya bila kuandika wametoka kisiwa gani, hawa aliwaandikia. Ndipo akaanza kushuku kwamba aina za viumbe hubadilika, na mwaka 1859 akatoa kitabu chake mashuhuri.

Wa San Cristóbal yuko hata leo. Wa Floreana alitoweka kisiwani humo kabla ya karne ya 19 kwisha, akasalia katika visiwa vidogo viwili vya jirani, Champion na Gardner. Yadhaniwa walioleta hasara hiyo ni panya na paka waliofika pamoja na watu, na mifugo iliyoharibu mipungate ambamo ndege hao hujenga viota. Mwaka 2023 ilianzwa kazi kubwa ya kuwaangamiza panya na paka wa Floreana, ili ndege huyo apate kurudi kwao.