Petanki: mchezo wa mama mwenye magoti mabovu



Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye wajukuu saba, aliacha kuja kwenye mikutano ya Jumamosi. Tulipokwenda kumtembelea tulimuuliza kama kuna mtu aliyemkosea. Akajibu: "Hapana, wanangu. Nyinyi mukimaliza hesabu ya likelemba munaingia uwanjani kucheza mpira. Mimi magoti yananiuma. Nitawaangalia kwenye benchi mpaka lini?"

Tulirudi kimya. Tulikuwa tumesema michezo ni ya kupumzisha mama, kumbe tumechagua mchezo unaomfukuza mama. Ndipo mwenzetu mmoja akakumbuka mchezo wa mipira ya chuma ambao Wafaransa wanauita petanki. Leo tunawaeleza namna ya kuuanza.

Ulianza kwa mgonjwa wa viungo

Petanki ilizaliwa La Ciotat, mji wa pwani karibu na Marseille, kusini mwa Ufaransa, kati ya 1907 na 1910. Zamani watu wa huko walicheza mchezo wa kukimbia hatua chache kabla ya kurusha mpira. Inasimuliwa kwamba mchezaji mmoja hodari, Jules Hugues aliyeitwa Lenoir, alishikwa na rimatisme asiweze tena kukimbia. Badala ya kumwacha akae pembeni, wenzake walikubali kubadili sheria: kila mtu asimame ndani ya duara, miguu pamoja, arushe bila kukimbia. Jina lenyewe, katika lugha ya huko, linatokana na maneno ya "miguu iliyosimikwa". Kwa hiyo mama wetu hakuomba kitu kigeni. Aliomba kile ambacho Lenoir alipewa na rafiki zake.

Namna ya kucheza

Chora duara chini, upana wa sentimita 35 hadi 50. Anayeanza anarusha kampira kadogo ka mbao umbali wa mita 6 hadi 10. Wafaransa wanakaita mtoto wa nguruwe. Kisha kila upande unajaribu kufikisha mipira yake ya chuma karibu na kale kampira. Upande ambao mpira wake uko mbali zaidi ndio unaoendelea kurusha, mpaka ukaribie kuliko wa wenzao au mipira yao iishe.

Mipira yote ikiisha, munahesabu. Upande ulio karibu zaidi unapata pointi moja kwa kila mpira uliokaribia kampira kuliko mpira bora wa wapinzani. Wanaofika 13 kwanza ndio washindi.

Wachezaji wawili wawili, kila mmoja ana mipira mitatu. Wakiwa watatu watatu, kila mmoja ana miwili. Kikundi kikiwa na mipira sita tu, wacheze mama wawili, halafu wapishane na wengine.

Mkono unavyofanya kazi

Simama ndani ya duara, miguu yote miwili chini. Usiinue kisigino mpaka mpira wako uguse ardhi. Anayeweza kuchuchumaa achuchumae. Mwenye magoti yanayouma arushe akiwa amesimama, sheria inamruhusu.

Weka mpira kwenye kiganja, vidole vinne vikiwa vimebanana, kidole gumba kimepumzika pembeni. Sasa geuza mkono ili kiganja kitazame chini. Peleka mkono nyuma taratibu, uurudishe mbele umenyooka, halafu fungua vidole vyote kwa mara moja. Mpira ukitoka hivyo unazunguka kinyumenyume, na ukianguka hauendi mbali.

Kosa la wengi wetu mwanzoni ni kurusha kiganja kikitazama juu, kama mtu anayetupia kuku mahindi. Mpira wa namna hiyo ukigusa chini unakimbia mpaka kwa jirani.

Kosa la pili ni la macho. Usikazie macho kampira. Chagua mahali ambapo mpira wako utaangukia, upatazame hapo mpaka umalize kurusha. Kutoka hapo ardhi itaufikisha mwenyewe.

Ndiyo sababu ni lazima kuisoma ardhi. Katika ua wenye udongo ulioshindiliwa, rusha chini, mpira ubingirike. Palipo na changarawe za makoro, kama kule Goma, mpira unaobingirika unapotoshwa na kila jiwe. Hapo urushe juu, uangukie karibu na kampira na kusimama.

Kuupiga mpira wa mwenzako ili uondoke, hilo muliache kwanza. Jifunzeni kukaribia.

Mpira wenyewe na matunzo yake

Mipira ya mashindano ina uzito wa gramu 650 hadi 800, na upana wa sentimita 7 na nusu milimita hadi sentimita 8. Mama mwenye mkono mdogo achague mwembamba na mwepesi. Ujaribu hivi: ushike kiganja kikitazama chini, utikise mkono kidogo. Ukiteleza, ni mkubwa kwako.

Sisi tulinunua seti moja kwa pesa za kikundi, halafu tukaiharibu wenyewe. Tulicheza baada ya mvua, tukatia mipira kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na maji na matope, tukaisahau majuma mawili. Tulipoifungua ilikuwa myekundu kama matofali. Tulisugua siku nzima, na aibu juu.

Basi mufanye hivi. Kila mukimaliza, osheni matope na mufute kwa kitambaa kikavu. Mipira ya chuma cha kawaida ipakeni mafuta kidogo sana ya cherehani, ndipo muiweke mahali pakavu. Isiyoshika kutu haihitaji mafuta. Kabla ya kucheza futeni mafuta yote, maana mpira unaoteleza unaweza kuponyoka. Kutu ndogo isuguliwe taratibu, lakini musiichonge mipira kwa tupa wala kuichomelea, maana mpira uliobadilishwa haukubaliwi kwenye mashindano.

Na watoto wakae nyuma ya anayerusha, daima. Chuma cha gramu 700 kikimwangukia mtoto mguuni kinavunja. Kabla ya kila mchezo mama mmoja apewe kazi hiyo tu: kuangalia watoto.

Yule mama je?

Amerudi. Siku ya kwanza mpira wake wa tatu ulisimama kidole kimoja kutoka kwenye kampira, tukapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kuinama kuokota mipira bado kunamsumbua. Wachezaji wazee kule Ufaransa wanatumia sumaku iliyofungwa kwenye kamba, nasi tumetafuta sumaku ya spika iliyokufa tukamfungia. Ubishi ukitokea wa mpira upi uko karibu, yeye ndiye anayepima kwa uzi, na neno lake ndilo la mwisho.

Jumamosi ijayo, kabla ya kuchagua mchezo, tazameni kwanza ni nani amekaa kwenye benchi.