Maji Yanakaa kwenye Mawe

Mteja akinipigia simu akitaka kisima, kabla ya bei namuuliza kiwanja kiko wapi, kisha nafungua ramani ya jiolojia. Wengine hukereka. Mzee mmoja wa Chamwino aliniambia, “Fundi, mimi nataka maji, wewe unaniletea habari za mawe.” Nikamjibu, “Mzee wangu, hayo maji yanakaa kwenye mawe.”

Ramani hizo ni kazi ya serikali. Idara ya jiolojia ilianza mwaka 1925, enzi za Mwingereza; leo ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao makuu hapa Dodoma. Nchi imegawanywa katika miraba ya nusu digrii kila upande, takribani kilomita 55 kwa 55, na kila mraba una karatasi yake ya ramani yenye namba. Karatasi nyingi za zamani zina kipimo cha 1:125,000: sentimita moja ni kilomita 1.25 ya ardhi. Wataalamu walipita makorongoni na vilimani na nyundo na dira, wakavunja mawe, wakayapeleka maabara kukatwa vipande vyembamba vya milimita 0.03, mwanga upenye na madini yaonekane kwa hadubini.

Dodoma yetu imekalia itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Itale nzima haina pa kuweka maji. Utayapata juu, jiwe lilipooza likawa kokoto na mchanga, au chini zaidi, ndani ya nyufa. Ndiyo maana kwenye ramani natafuta kwanza mistari ya mipasuko. Bonde la Makutupora, lililolisha mji huu maji kwa miaka mingi, liko kwenye mipasuko ya aina hiyo.

Ramani haikuoneshi pa kusimika mtambo. Hiyo ni kazi ya mpimaji, anayepitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani wake. Ila ramani inamwambia aanzie wapi, na hilo ni pesa: sisi tunatoza kwa mita, na mita 100 za itale kavu zinalipwa kama mita 100 zenye maji.

Kaskazini shida ni nyingine. Kuzunguka Mlima Meru maji yapo, lakini miamba ya volkano huyatia floridi, inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na ikizidi sana hupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Karatasi ikionesha volkano, pima maji maabara kabla ya kununua pampu.

Mengine waliyochapisha wataalamu hao hayana mteja kabisa. J. B. Dawson, aliyekuwa mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, alieleza mwaka 1962 lava ya volkano ya Oldoinyo Lengai: nyeusi, imejaa kaboneti za sodiamu, jamii ya magadi, na hugeuka nyeupe ikipata unyevu. Nani angelipia safari ile mlimani kutoka mfukoni mwake? Ililipiwa na umma, na leo dunia nzima inaisoma.

Basi nenda GST na jina la kijiji chako, uliza namba ya karatasi, nunua nakala, uiweke pamoja na hati za kiwanja. Bei ya maji itapanda na mafundi watabadilika, lakini mjukuu wako atakayechimba kisima cha pili atakuta itale ileile.