Usiisubiri hamu: sayansi ya kujisomea kabla ya mtihani

Matokeo ya mtihani wa moko yakishabandikwa, wanafunzi wengi wa kidato cha nne hushika rula na kalamu za rangi. Ratiba hupangwa ikapangika: Jumatatu Hisabati na Baiolojia, Jumanne Kemia na Historia, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa sita usiku. Wiki ya pili ratiba bado iko ukutani, ila mwenyewe yuko kwenye simu. Mzazi akimkuta hivyo, neno la kwanza kumtoka ni “mvivu”. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba mwanafunzi naye hulikubali jina hilo, akaapa kuwa kesho ataanza kweli.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, wanasaikolojia wanaochunguza tabia ya kuahirisha kazi wamekuwa wakionyesha kuwa uvivu si maelezo ya kutosha. Mvivu hana habari na kazi yake. Anayeahirisha huiwaza kutwa nzima, hukosa raha kwa ajili yake, na bado haigusi. Ukikosea kujua ugonjwa, utakosea na dawa: kugombeza, kutisha na kuapa mara nyingi huongeza tatizo lile lile.

Kinachokimbiwa ni hisia

Mwaka 2013, watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kuahirisha kama njia ya kutuliza hisia za wakati huo kwa gharama ya siku zijazo. Mwanafunzi akifungua daftari la Hisabati kwenye mada aliyofeli, hapo hapo huingiwa na hofu, aibu au uchovu. Akilifunga na kushika simu, hisia hizo hupungua papo kwa papo. Nafuu hiyo ndogo ndiyo malipo, na ubongo hujifunza haraka kurudia kinacholipa. Kesho yake daftari lile huwa zito zaidi, kwa sababu sasa limebeba pia majuto ya jana.

Simu ina nguvu nyingine. Dopamini, kemikali ya ubongo inayotusukuma kutafuta kitu, huchochewa sana na zawadi inayotarajiwa, hasa isiyojulikana itafika lini. Ujumbe wa rafiki unaweza kuingia sasa hivi. Matokeo ya kidato cha nne hutoka miezi mingi baadaye, na kwa kawaida akili hushusha thamani ya kitu kadiri kinavyokuwa mbali. Juu ya hayo, sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapofika katikati ya miaka ya ishirini. Kijana wa miaka 17 anaombwa ashinde kwa kutumia kiungo ambacho bado kinajengwa.

Gharama yake huonekana hata mwilini. Mwaka 1997, Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo nchini Marekani kwa muhula mmoja. Mwanzoni, wale wa kuahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Kuelekea mwisho wa muhula mambo yaligeuka: msongo wao ulikuwa mkubwa zaidi, waliripoti kuugua zaidi, na alama zao zilikuwa za chini. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakuwa mbali na ukweli.

Kujikaza hakutoshi

Kwa muda mrefu wengi waliamini kuwa kujizuia ni nguvu ya ndani inayotumika na kuisha, wazo lililotangazwa sana na utafiti wa Baumeister na wenzake wa mwaka 1998. Lakini mwaka 2016 maabara 23 katika nchi mbalimbali zilirudia jaribio la aina hiyo kwa pamoja, zikapata athari ndogo mno, karibu na sifuri. Mjadala haujafungwa, ila si busara tena kujenga mpango wa kusoma juu ya wazo hilo.

Kinachosaidia zaidi ni kupunguza vita vyenyewe. Mwaka huo huo, Angela Duckworth na wenzake waliwagawa wanafunzi waliokuwa na malengo ya kusoma. Baadhi waliambiwa wabadilishe mazingira yao mapema, kwa mfano kuondoa vishawishi karibu nao. Wengine waliambiwa wajikaze pale kishawishi kitakapokuja. Baada ya wiki moja, waliobadilisha mazingira waliripoti kuwa wametimiza malengo yao zaidi.

Kwa mwanafunzi wa hapa kwetu, maana yake ni ya moja kwa moja. Simu ikae kwa mama au kwa jirani, si kwenye mfuko wa shati ikiwa imezimwa sauti. Kama nyumbani kuna redio na wageni, abaki darasani baada ya vipindi au aende maktaba ya shule. Na achague vizuri mwenza wa kusoma naye, kwa sababu diskasheni ya watu saba yenye kitabu kimoja huishia kwenye matokeo ya mpira.

Weka saa, mahali na swali

Ratiba nyingi hufa kwa sababu zinataja somo bila kutaja kitendo. “Jumatatu: Kemia” haimwambii mtu aanzie wapi, na hapo kwenye kuanzia ndipo penye kikwazo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya kile anachokiita mpango wa utekelezaji: sentensi inayofunga wakati na mahali pamoja na kitendo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, yeye na Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika taarifa wakati wa sikukuu ya Krismasi. Miongoni mwa walioandika mapema ni saa ngapi na mahali gani wataifanya, karibu robo tatu waliimaliza kwa wakati. Kwa wasioandika, waliomaliza walikuwa kama theluthi moja tu.

Kwa hiyo badala ya “Kemia”, andika: “Nikishaswali Alfajiri, nitakaa mezani sebuleni, nifanye maswali mawili ya moli ya mwaka juzi.” Kitendo kiwe kidogo kiasi kwamba utaona haya kukikataa. Wengine hutega saa dakika 25, wakapumzika dakika 5, kisha wakarudi. Namba hizo hazina muujiza, faida yake ni kwamba mtu haogopi kuanza kitu anachojua kitakwisha.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Wanafunzi wengi husubiri hamu iwajie ndipo wasome, wakati mara nyingi mambo huenda kinyume. Ukishafanya swali la kwanza, hofu uliyokuwa nayo hupungua, kwa sababu kazi halisi ni nadra kutisha kama ile ya kufikirika. Swali likikubali, unataka la pili.

Tabia nayo ina muda wake. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, uliona kuwa kitendo kipya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, huku tofauti kati ya watu ikiwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Habari njema ni kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga safari kwa kiasi cha kuhesabika.

Soma kwa namna inayolipa

Hamu hufa haraka pale jitihada isipoonyesha matunda, na njia ya kusoma inayopendwa na wengi ndiyo yenye matunda machache. Kurudia kusoma daftari na kupaka rangi mistari humfanya mtu ahisi ameshaelewa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha katika vitatu vilivyobaki likafunga karatasi na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 tu, wakati waliojipima walikumbuka 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kuwa watakumbuka.

Pia tenganisha vipindi. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kuwa usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushinda yaliyolundikwa siku moja. Saa moja kwa siku tatu ina faida kuliko saa tatu za mkupuo. Karatasi za mitihani iliyopita, pamoja na ripoti za Baraza la Mitihani zinazochambua watahiniwa walikosea wapi, ni silaha bora kuliko daftari lililonakshiwa.

Kukesha ni kujiibia. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni katika usingizi ndipo ubongo huimarisha mambo mapya uliyojifunza. Anayekesha hadi saa tisa usiku husinzia darasani saa nne asubuhi, akakosa pande zote mbili.

Siku ikiharibika

Itaharibika tu: umeme utakatika, kutakuwa na msiba, au simu itashinda. Michael Wohl na wenzake nchini Canada waliripoti mwaka 2010 kuwa wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa na wa pili. Kujisamehe hakumaanishi kujidekeza. Kunapunguza uchungu, na uchungu huo ndio uliokuwa ukimfukuza mtu mezani.

Yako pia mambo yasiyotibika kwa ratiba. Mwanafunzi asiyelala au anayelala mno kwa wiki kadhaa, aliyepoteza hamu hata ya michezo aliyoipenda, anayelia ovyo au kusema hafai kuishi, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya bila kuchelewa. Anayeumwa kichwa kila akisoma apimwe macho. Uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu.

Nyumba nayo ina sehemu yake

Kama nidhamu inategemea mazingira kiasi hiki, basi si mzigo wa mtoto peke yake. Binti anayesoma shule ya kutwa, akirudi anateka maji, anapika, anaosha vyombo na kumlaza mdogo wake. Anafika kwenye daftari saa tatu usiku, mwili umekwisha. Kaka yake wa umri ule ule alianza saa kumi na mbili. Matokeo yakitoka, mmoja ataitwa mwenye bidii na mwingine mvivu.

Kugawa upya kazi za jioni hakugharimu shilingi. Mzazi anayempa mwanawe saa moja tulivu yenye mwanga kila siku hadi mtihani wa Novemba amemsaidia kuliko yule anayemhubiria nidhamu kila usiku.